Somo: Wazazi Wanaofika Mkutanoni ni Akina Nani?

Somo la safari hii limetokana na kosa letu wenyewe, kwa hivyo tutaanza kwa kukiri.

Kamati yetu ya maendeleo iliwaita wazazi wa shule yetu ya nasari ili kuzungumza juu ya uji wa watoto. Mkutano uliwekwa siku ya Alhamisi, saa tatu asubuhi, ukumbini. Walikuja kina mama wengi na akina baba wachache, wakaketi, wakaongea vizuri sana. Mmoja alieleza jinsi anavyochanganya unga wa wimbi na soya. Mwingine akasema mtoto apewe yai angalau mara mbili kwa juma. Mwishowe tukakubaliana, bila hata mtu mmoja kupinga, kwamba kila mzazi atatoa kilo mbili za unga kila mwezi pamoja na pesa kidogo za kuni na za mpishi. Katibu akaandika kitabuni: wazazi wamekubali. Tukafunga kwa maombi na kwenda nyumbani tukiwa na furaha.

Baada ya majuma machache mwalimu akatuambia viti vina nafasi. Watoto kadhaa hawakuwa wakija tena. Hakuna aliyefukuzwa, hilo lazima tuliseme. Wazazi wao waliona aibu kumleta mtoto asiye na unga, basi wakamwacha nyumbani na dada yake ama wakaenda naye shambani. Tulipofungua kitabu cha mahudhurio tukalinganisha majina, tuliona jambo ambalo lingetupasa kuliona mapema. Kati ya watoto waliopotea, hakuna hata mmoja ambaye mzazi wake alikuwa katika ule mkutano. Waliokubali mchango walikuwa wengine, na walioumizwa na mchango walikuwa wengine kabisa.

Ndipo tukajiuliza swali la somo hili: wale wanaofika kwenye mikutano ya wazazi na kutoa maoni juu ya malezi, je, wana uwezo kuliko mzazi wa kawaida wa hapa kwetu?

Jibu letu ni ndiyo, kwa kawaida wana uwezo zaidi. Lakini tusikimbilie hapo, maana sababu zake ndizo zenye mafundisho.

Mji wetu wa Elburgon ulikua kwa mbao. Sawmili zililisha watu, na jina la Timsales linajulikana mbali. Serikali ilipopiga marufuku ukataji wa miti katika misitu yake mwezi wa Februari 2018, aliyekuwa akipakia magogo, aliyekuwa akichana mbao, na hata mama aliyekuwa akiwauzia hao chai na maandazi, wote waliguswa. Mtu aliyekosa kazi ya mbao hapa kwetu hutafuta kibarua cha shamba: kupalilia, kuchimba viazi, kuchuma minji. Na kibarua, kama mnavyojua, huanza asubuhi umande ukiwa bado kwenye majani, na hulipwa mchana kikimalizika. Mama anayeacha kibarua siku ya Alhamisi ili aje kutusikiliza hatapika jioni. Sisi tulimwita saa tatu asubuhi! Tungemwandikia barua ya kumkataza asije, isingefanya kazi vizuri zaidi.

Sasa tumtazame aliyekuja. Ni mwenye duka ambaye amemwacha kijana wa kuuza. Ni mke wa mwalimu. Ni mama mwenye ng'ombe wawili wa gredi na mfanyakazi wa kuwakatia nyasi. Ni mzee aliyestaafu kazi ya serikali. Hatusemi hawa ni matajiri, la hasha. Wengi wao wanahangaika na karo kama sisi sote. Lakini asubuhi yao ni mali yao, na kuwa na asubuhi yako mwenyewe ni uwezo mkubwa, hata kama mfukoni hamna kitu.

Kuna vizuizi vingine ambavyo havina bei. Nguo ni kimojawapo. Lugha ni kingine: mikutano yetu huendeshwa kwa Kiswahili cha ofisini, na anayezungumza Kikuyu, Kipsigis au Kiogiek nyumbani anaweza kuwa na hekima nyingi lakini akanyamaza kwa kuogopa kuchekwa. Halafu kuna ule mchango wa chai. Sisi hudhani ni kitu kidogo. Kwa asiye nacho, ni tiketi ya mlangoni.

Hapa tuseme jambo moja ambalo lilitushangaza. Matajiri wa kweli nao hawaji. Mwenye uwezo mkubwa hupeleka mtoto shule ya bweni ama ya kulipia, na akiwa na neno hupiga simu kwa mwalimu mkuu. Kwa hivyo mkutano wa wazazi si mkutano wa matajiri. Ni mkutano wa watu wa katikati, walio juu kidogo ya wastani, wenye haja ya shule ya karibu na wenye nafasi ya kuisemea.

Tuchukue mfano wa hesabu, tuupige polepole. Hii si hesabu ya kijiji chochote, ni mfano tu. Tuseme kijiji kina kaya 100. Kaya 30 zina nafasi kiasi, na kaya 70 zinategemea kibarua. Mkiita mkutano, katika zile zenye nafasi wanakuja 6 kwa kila 10, yaani watu 18. Katika zile za kibarua anakuja 1 kwa kila 10, yaani watu 7. Ukumbini mna watu 25. Mkiuliza juu ya mchango, wale 18 wote wanakubali, na katika wale 7 wanakubali 2. Jumla ni 20 kati ya 25, na katibu anaandika kwamba asilimia 80 ya wazazi wamekubali. Sasa rudini kijijini na mwulize kila mlango. Kaya 30 zenye nafasi zitakubali. Katika zile 70, zikikubali 2 kwa kila 7, zitakuwa 20. Jumla ni 50, nusu tu ya kijiji. Katibu hakudanganya. Aliandika kwa uaminifu kile alichokiona, na bado kijiji kimeandikwa vibaya.

Kosa hili si la watu wa mashambani pekee. Mwaka wa 1936 huko Marekani gazeti moja kubwa, Literary Digest, lilituma karatasi za maoni kwa watu wapatao milioni 10 kuwauliza watamchagua nani awe rais. Zaidi ya milioni 2 walijibu. Gazeti likatangaza kwamba Alf Landon atashinda. Kura zilipopigwa, Franklin Roosevelt alishinda katika majimbo 46 kati ya 48. Kumbe majina mengi waliyoyatumia yalitoka kwenye orodha za wenye simu na wenye magari, na miaka ile ya dhiki maskini hakuwa na simu wala gari. Tena waliojisumbua kujibu hawakuwa sawa na wale walionyamaza. Maoni ya watu milioni 2 yalipotoka, sembuse ya watu 25 ukumbini.

Hapa Kenya tuna ushahidi ulio karibu zaidi. Kabla ya mwaka wa 2003, wazazi wa shule za msingi walibeba ada na michango mingi, na shuleni michango hiyo mara nyingi ilipitishwa katika mikutano ya wazazi. Mtu angesikiliza mikutano hiyo angedhani wazazi wanamudu, maana walionena walimudu. Kisha Januari 2003 serikali ikaondoa ada. Hesabu ya wanafunzi wa shule za msingi ikapanda kutoka karibu milioni 5.9 mwaka wa 2002 hadi karibu milioni 7.2. Watoto zaidi ya milioni moja walitokea mlangoni! Walikuwa wapi siku zote? Walikuwa nyumbani, na wazazi wao hawakuwa kwenye mikutano. Hata mzee Kimani Maruge wa Eldoret alijiandikisha darasa la kwanza mwaka wa 2004 akiwa na umri wa miaka 84. Hamu ya kusoma ilikuwako miaka yote. Kilichokosekana ni pesa.

Tena kuna utafiti uliofanywa Busia juu ya vikundi vya kina mama, uliochapishwa mwaka wa 2008 na Mary Kay Gugerty na Michael Kremer (huyu Kremer alikuja kupata tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka wa 2019). Vikundi vingine vilipewa msaada kutoka nje, vingine vikangoja. Vilivyopata msaada havikuongezeka nguvu kama ilivyotarajiwa. Walijiunga wanawake vijana zaidi, wenye elimu zaidi na wenye kazi za mshahara, nao pamoja na wanaume wakaingia katika uongozi, huku baadhi ya kina mama wazee wakiondoka. Sisi wa kanisa tuyasikilize hayo kwa makini, maana mara ngapi tumeleta mradi kwa ajili ya wajane, na baada ya mwaka mwenyekiti ni mtu mwenye pikipiki?

Kuna wanaosema siku hizi tuache mikutano, tuwaulize wazazi kwa kikundi cha simu. Simu ni msaada, hatukatai. Lakini sensa ya mwaka wa 2019 ilionyesha kwamba kati ya watu wa miaka 3 na zaidi, asilimia 47 tu walikuwa na simu ya mkononi, na waliotumia intaneti hawakufika robo; na walikuwa wachache zaidi mashambani kuliko mijini. Ni kweli hesabu hiyo ina watoto ndani yake, na miaka imepita. Hata hivyo anayenunua bando kila siku si yule anayehesabu shilingi za mafuta ya taa. Tutakuwa tumehama ukumbi mmoja na kuingia mwingine wenye mlango mwembamba zaidi.

Basi tutajuaje uwezo wa waliokuja bila kuwaaibisha? Usimwulize mtu anapata pesa ngapi. Hatakwambia, na mwenye kibarua hata yeye mwenyewe hajui, maana juma hili si kama lile. Wanaofanya uchunguzi wa afya wa taifa, kama ule wa mwaka wa 2022, huuliza juu ya vitu: sakafu ni ya udongo au ya simiti, maji yanatoka wapi, choo ni cha namna gani, kuna redio, kuna ng'ombe. Kwa majibu hayo huzigawa kaya katika mafungu matano. Uchunguzi huo ulionyesha kwamba watoto waliodumaa nchini walipungua kutoka asilimia 26 mwaka wa 2014 hadi 18 mwaka wa 2022, lakini udumavu ulibaki kuwa mwingi zaidi katika kaya maskini. Maana yake, mtoto anayehitaji uji wetu zaidi ndiye ambaye mama yake hakuwapo Alhamisi ile.

Katika waraka wa Yakobo, sura ya 2, mtume anawakemea wale wanaompa mwenye pete ya dhahabu kiti kizuri na kumweka maskini chini. Tumesoma sura hiyo mara nyingi tukijiona tumepona, kwa kuwa ukumbini kwetu viti vyote ni sawa. Lakini maskini wa Yakobo angalau alikuwa ameingia. Wetu alikuwa bado mferejini akichimba viazi.

Tulifanya nini? Kwanza tulitaka kuhamisha mkutano uwe Jumapili baada ya ibada, kisha mama mmoja akatukumbusha kwamba wasio na nguo hawaji ibadani pia. Tukaamua kutembea. Tulifuata njia na kuingia kila nyumba ya tano, iwe nzuri au mbaya, ya mshiriki au si ya mshiriki, bila kuchagua. Siku nyingine tulingoja kando ya shamba saa nane, watu wakilipwa. Tulikuwa na swali moja tu: wewe ungeweza kutoa nini? Wengine walisema kuni. Wengine walisema siku moja ya kupika au kuteka maji. Wengine walisema hawana kitu, na hilo nalo tuliliandika. Mpishi ameagizwa asimwulize mtoto yeyote juu ya unga. Walio na nafasi waliendelea kutoa kilo zao, na tunawashukuru. Hawakuwa na kosa kwa kuja mkutanoni.

Baadhi ya wale watoto wamerudi. Wengine, tulipofika milangoni kwao, tulikuta kufuli. Familia zilikuwa zimehama kufuata kibarua, na majirani hawakujua ni wapi.

Kwa majadiliano katika jumuiya ndogondogo: chukueni kitabu cha mahudhurio cha mkutano wenu wa mwisho na mkiweke kando ya orodha ya kaya zote za mtaa wenu. Ni akina nani hawamo katika kitabu? Saa ile ya mkutano walikuwa wakifanya nini? Je, kuna mchango mliopitisha mwaka huu ambao wao hawakuulizwa? Na ni nani kati yenu anayejua njia ya kufika nyumbani kwao?