Ahadi ya Kupunguza Mwili Isife Kabla ya Pasaka

Kabla ya kusoma somo hili, wachagueni akina mama wawili wauigize mchezo huu mfupi mbele ya wengine. Hauhitaji mazoezi.

WA KWANZA: Habari ya siku nyingi, mama?
WA PILI: Nzuri, dada yangu. Watoto hawajambo?
WA KWANZA: Hawajambo. Lakini wewe, haiya! Na umeisha hivi? Kuna shida gani nyumbani?
WA PILI: Hakuna shida. Napunguza mwili tu, mambo ya presha.
WA KWANZA (anashusha sauti): Si uniambie ukweli? Mimi ni mtu wako. Umeenda kupimwa?
(Wa pili ananyamaza. Anamwita mwuza mandazi, ananunua 4, anaanza kula papo hapo.)

Mchezo huo hatukuutunga. Ulitokea hapa kwetu Lucky Summer karibu na steji, mwezi wa tatu, na huyo wa pili alikuwa mmoja wetu. Jioni hiyo alimwambia katibu afute jina lake kwenye daftari.

Tulikuwa tumeanza mwezi wa Januari tukiwa 16, akina mama 13 na wanaume 3. Kila mtu aliandika kilo anazotaka kupunguza kabla ya Pasaka. Kuna aliyeandika 20. Hatukumuuliza atazipunguza vipi, tulimpigia makofi. Kufikia mwisho wa Machi tulikuwa tumebaki 5, na hata hao 5 walikuwa wakija kwa kuoneana haya. Somo hili ni juu ya yale yaliyotuangusha, na yale yaliyowarudisha wengi wetu baadaye.

Ninyi mlio mashambani mtasema jambo hili ni la watu wa Nairobi wanaokula chipsi. Hebu tuangalie. Uchunguzi wa afya wa nchi nzima wa mwaka 2008-09 uliona kwamba mwanamke 1 kati ya 4 hapa Kenya, wa miaka 15 hadi 49, alikuwa na uzito uliozidi kiasi. Mwaka 2014 akawa 1 kati ya 3. Na si mjini peke yake. Zamani mama alitwanga, akateka maji mtoni, akaenda sokoni kwa miguu. Leo kuna posho mill, kuna bomba, kuna boda boda. Tunazishukuru nafuu hizo, hakuna anayetaka kurudi kwenye kinu. Lakini chakula tunachokula bado ni cha mtu aliyetwanga, na mafuta yameongezeka juu yake.

Unene wenyewe si dhambi wala si aibu, na hatukuandika haya ili mtu achekwe. Tunaogopa presha na kisukari, magonjwa ambayo humla mtu kimya kimya mpaka siku moja anaanguka. Fundi cherehani yeyote anaweza kukusaidia kujua hali yako kwa utepe wake. Pima tumbo juu kidogo ya mifupa ya nyonga. Kwa mwanamke, likizidi sentimita 80 aanze kujiangalia. Kwa mwanamume ni sentimita 94.

Sasa turudi kwa mama wa mandazi. Kwa nini neno moja la jirani lilimwangusha, na alikuwa ameshapunguza kilo 4 kwa jasho lake?

Wenye umri mkubwa kati yetu wanajua. Mwaka 1985 madaktari waliandika juu ya ugonjwa mpya kule Rakai, Uganda, ambao watu waliuita Slim kwa sababu ya vile ulivyokondesha. Hapa Kenya tulizika watu wengi, na mwaka 1999 serikali ikatangaza UKIMWI kuwa janga la taifa. Miaka hiyo yote macho yetu yalijifunza jambo moja, kwamba anayekonda anakufa. Macho hayo bado tunayo. Ndiyo maana mtu akinenepa tunamwambia, "Naona maisha yamekukubali," na akipungua tunashusha sauti. Mke akikonda, ndugu wa mume huulizwa kama anamlisha. Kwa hiyo anayepunguza mwili katika mtaa kama wetu hapigani na njaa tu. Anapigana pia na matanga ya zamani.

Na hali yenyewe imebadilika. Wenye virusi wanaotumia dawa vizuri wana miili ya kawaida, na wengine sasa shida yao ni kunenepa. Dawa iitwayo dolutegravir ilianza kutumika Kenya mwaka 2017. Uchunguzi wa Afrika Kusini na Kameruni uliotolewa mwaka 2019 ulionyesha kwamba wengi walioitumia waliongeza uzito, hasa wanawake. Mtu kama huyo asiache dawa hata siku moja. Azungumze na kliniki yake, na aje atembee pamoja na sisi wengine. Kumtazama mtu mwili na kusema ana nini, hilo hakuna awezaye.

Tulifanya nini basi? Tulikubaliana kwamba yeyote anayeanza awaambie kwanza watu wa nyumba yake na majirani wawili wa karibu, kabla hajapungua hata nusu kilo. Mume akijua mapema, huwajibu ndugu zake mwenyewe. Tena tuliandaa jibu fupi la njiani, la kucheka: "Nimepungua ndiyo, na presha imepungua pia. Njoo Jumamosi tukupime na wewe." Mwanzoni tulilisema kwa uoga. Siku hizi wengine wanakuja kweli. Yule mama wa mandazi alirudi mwezi wa sita, na yeye ndiye aliyetufundisha kulisema bila kutetemeka.

Hapa tuseme neno moja la tahadhari. Aliyekusudia kupungua na akapungua nusu kilo kwa wiki, hiyo ni kazi yake. Lakini anayekonda bila kukusudia, au mwenye kiu isiyoisha, anayekojoa mara kwa mara au kukohoa kwa wiki nyingi, huyo aende hospitali asingoje mkutano. Mama mjamzito na anayenyonyesha wasijinyime chakula, na watoto wasiwekwe katika mambo haya kabisa. Anayetumia dawa za kisukari aongee na daktari kwanza, maana chakula kikipungua na dawa ikibaki ile ile, sukari inaweza kushuka kwa hatari. Na zile dawa za kukondesha zinazouzwa ndani ya basi, ziacheni huko huko basini.

Jambo la pili lililotuangusha lilikuwa mizani, na kosa hili ni letu viongozi. Tuliweka faini ya shilingi 50 kwa kila aliyeongezeka uzito. Tulidhani tumekuwa wakali kama mweka hazina mwema. Matokeo yake ni kwamba aliyeogopa faini hakuja kupimwa, asiyepimwa akaona haya kuja mkutanoni, na asiyekuja mkutanoni akarudi kwa soda. Na yale makilo tuliyotozana pengine hayakuwa mafuta hata kidogo! Mwili hubadilika kilo 1 hata 2 kwa siku chache kwa sababu ya maji, chumvi, choo, na kwa akina mama, siku zao za mwezi. Isitoshe, mizani yetu ilikuwa ya mitumba na tuliiweka juu ya udongo uliobonyea. Siku moja ilikuwa na uchoyo, siku nyingine ukarimu.

Faini tukaifuta. Sasa mizani inawekwa kwenye sakafu ya simiti mara moja kwa mwezi, asubuhi, na anayetaka kuficha nambari yake anaruhusiwa. Kila wiki tunaandika kitu kingine, yaani yale mtu aliyofanya. Daftari lina mistari mitatu kwa kila mwanachama: nimetembea, nimepima mafuta, nimepunguza sukari ya chai. Ukifanya unaweka alama. Kilo haziko mkononi mwako, zinakuja kwa wakati wao. Kutembea kuko mkononi mwako leo hii.

Na hapa vikundi vyetu vina ujuzi ambao hata wasomi hawana. Fikirini juu ya mchango wa kuzungushana, ule tunaouita meri-go-raundi. Mama akikosa mchango wiki moja kwa sababu mtoto aliugua, je, tunavunja chama? Tunangoja Januari ijayo ndipo aanze tena? La. Wiki inayofuata analeta, mambo yanaendelea. Lakini kwa chakula, mtu alikula pilau na soda mbili kwenye harusi Jumamosi, Jumapili akasema, "Basi nimeharibu, nitaanza mwaka ujao," na akala Jumatatu mpaka Desemba. Harusi ile haikumharibu. Ni ile miezi tisa iliyofuata. Sheria yetu sasa ni kwamba ukianguka, unaanza tena kwa mlo unaofuata, si Jumatatu inayofuata. Bandu bandu huisha gogo, wazee walisema, wala hawakusema mbanduaji hapumziki.

Juu ya chakula hatutasema mengi, kwa maana mnajua jikoni kwenu kuliko sisi. Shida kubwa tuliyoiona ni mafuta na chai. Kijiko kikubwa kimoja cha mafuta ya kupikia kina kalori kama 120, na wengi wetu tulikuwa tukimimina sufuriani bila kuangalia. Tunaponunua mafuta ya kupima pale kibandani, sasa tunayapima tena kwa kijiko nyumbani. Chai nayo: vikombe 4 kwa siku, kila kimoja vijiko 3 vidogo, ni vijiko 12. Shirika la Afya Duniani linashauri sukari ya kuongezwa isizidi kama vijiko hivyo 12 kwa siku nzima, na ingefaa zaidi kama ingekuwa 6. Hapo hujahesabu soda. Ugali hatukuukataza. Tulisema tu nusu ya sahani iwe sukuma, kunde au managu, ugali uchukue robo, na omena, maharagwe au ndengu robo. Aliyekuwa akishinda na chai na mandazi mpaka saa tatu usiku tulimwomba ale githeri mchana, ili usiku asile kama anayelipiza kisasi.

Kutembea kulikuwa na vikwazo vyake. Mvua ikinyesha, barabara zetu ni matope. Kukiwa na upepo wa ubaya, moshi wa dampo la Dandora unatufikia. Na asubuhi gizani hakuna mama atakayetembea peke yake. Tuligawana wawili wawili, tukaacha boda boda kwenda Baba Dogo kukiwa na mwanga, na siku za moshi au matope tunaruka na kucheza nyimbo ndani ya ukumbi wa kanisa kwa nusu saa. Nusu saa mara 5 kwa wiki inatosha. La maana zaidi ni yule mwenzako. Mara nyingi mtu haamki kwa sababu ya presha, anaamka kwa sababu kuna mtu amesimama mlangoni anagonga.

Itafika pia miezi ambayo unafanya yote na kilo zimekataa kushuka. Msishtuke. Mwili uliopungua unahitaji chakula kidogo kuliko ule wa kwanza, na njaa nayo huongezeka, kana kwamba mwili unadai mali yake. Si uvivu. Kule Marekani, mwaka 2002, ilitolewa taarifa ya uchunguzi wa watu zaidi ya 3,000 waliokuwa karibu kupata kisukari. Kundi moja lilifundishwa kupunguza asilimia 7 ya uzito wao na kutembea dakika 150 kwa wiki. Kwa mtu wa kilo 90, asilimia 7 ni kilo 6 na kidogo tu, si 20. Baada ya miezi 6, nusu yao ndio waliofika. Mwishoni walikuwa 38 katika kila 100. Hata hivyo, katika kundi hilo kisukari kilipungua kwa asilimia 58 kuliko kwa wale wasiofundishwa. Yaani wengi hawakutimiza lengo, wengine walirudi nyuma, na bado walifaidika. Tulisoma habari hizo mkutanoni mara mbili, kwa sababu mara ya kwanza hatukuamini.

Kwa vipimo, ulizeni mhudumu wa afya wa jamii wa kijiji chenu. Mnamo Septemba 2023 serikali ilizindua mikoba yao, ambayo ina mashine ya presha, ya sukari na mizani. Kama wa kwenu anayo, mwalikeni mkutanoni.

Maswali ya kujadiliana baada ya kuigiza mchezo: Je, ninyi mmewahi kusema maneno ya yule mama wa kwanza, na mlikusudia nini? Wa pili angejibu vipi? Katika kikundi chenu kuna sheria gani inayofanya mtu aliyekosa aone haya kurudi? Na nani, kesho asubuhi, atagonga mlango wa nani?