Ujira wa Kibarua: Jasho Tunalilipa, Je, Ujuzi Tunaulipa?



Likizo iliyopita tulikuwa Ubaruku, wilayani Mbarali, tukisali na waamini katika jumuiya ndogondogo. Jioni moja somo lilikuwa mfano wa wafanyakazi wa shamba la mizabibu. Mama mmoja anayeishi kwa kibarua cha kupandikiza mpunga akatuuliza: "Mafrateri, yule bwana aliwalipa wote dinari moja. Na huku kwetu anayepandikiza vizuri na anayechomeka ovyo wanalipwa sawa kwa eka, na hela yenyewe haitoshi. Haki yetu ni kiasi gani?" Tulimjibu kwa maneno mazuri, lakini njiani tulikiri kuwa hatukumjibu. Somo hili ni jaribio la kumjibu.

1. Kazi ya mikono ina akili ndani yake

Tumezoea kusema kwamba kibarua hana ujuzi. Kesho yake tuliingia jarubani na akina mama. Baada ya saa moja mistari yetu ilikuwa imepinda na baadhi ya miche ilikuwa inaelea juu ya maji. Mama yule alipita nyuma yetu akiipanda upya, bila kusema neno. Anajua kina cha kuchomeka, umri wa mche unaofaa na namna ya kuung'oa kitaluni bila kukata mizizi. Katika kilimo shadidi, ambapo mche mchanga hupandwa mmoja mmoja kwa nafasi maalumu, umakini unaotakiwa ni mkubwa zaidi.

Aristotle, katika kitabu cha sita cha Maadili ya Nikomako, aliuhesabu ustadi wa kutengeneza vitu kuwa moja ya njia ambazo akili hufikia ukweli. Lakini katika Siasa alisema kwamba mji ulio bora hautamfanya fundi kuwa raia. Aliusifu ustadi, akamsahau mwenye mikono. Sisi tunaoungama kwamba Mwana wa Mungu aliitwa seremala, na kwamba Mtume Paulo alishona mahema, hatuna ruhusa ya kusahau hivyo.

2. Je, kukubaliana kunatosha?

Mwenye shamba atasema: "Sikumlazimisha, alikubali mwenyewe." Hoja hii ina nguvu, maana mapatano ni sehemu ya haki. Lakini Papa Leo XIII, katika Rerum Novarum ya tarehe 15 Mei 1891, alifundisha kwamba ipo haki ya asili iliyo juu ya mapatano. Anayepokea masharti magumu kwa sababu ya shida, au kwa kuogopa baya zaidi, ametendewa kwa nguvu hata kama alisema "ndiyo". Msimu wa kupandikiza hukutana na Januari, shule zinapofunguliwa. Mama mwenye watoto watatu wasio na sare hapatani akiwa huru.

Tuangalie pia makuli kwenye mashine za kukoboa. Mbebaji akilipwa kwa gunia, na gunia likashonwa lumbesa, anabeba uzito ambao haukuhesabiwa. Tunajua lumbesa humwibia mkulima. Mara chache tunakumbuka kwamba huuibia pia mgongo wa kuli.

3. Mwenye shamba naye je?

Amri ya mshahara ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Januari 2023, iliweka kima cha chini cha sekta ya kilimo kuwa shilingi 140,000 kwa mwezi. Ukigawanya kwa siku 26 za kazi, ni kama shilingi 5,400 kwa siku. Tuseme eka moja inawachukua watu sita siku mbili: hizo ni siku kumi na mbili za kazi, yaani shilingi 64,800. Bei ya eka ikiwa chini ya hapo, tumeshuka chini ya kipimo kile. Na kima cha chini ni sakafu, si dari.

Hata hivyo, waajiri wengi wa Ubaruku si matajiri. Wamekodi shamba, wamekopa mbolea, na wakati wa mavuno bei hushuka. Papa Pius XI, katika Quadragesimo Anno ya mwaka 1931, alitaka tupime mambo matatu: mahitaji ya mfanyakazi na familia yake, hali ya shughuli yenyewe, na manufaa ya wote. Aliongeza kwamba kama shughuli inabanwa na bei isiyo ya haki, wanaoibana wana hatia. Mtakatifu Yohane Paulo II, katika Laborem Exercens ya mwaka 1981, alionyesha kwamba nyuma ya mwajiri anayeonekana yuko mwajiri mwingine wa mbali: taasisi, sheria na mipango ya uchumi inayoamua masharti ya kazi. Katika safu hiyo tunamwona mfanyabiashara anayepanga bei ya mpunga, na sisi tunaoshangilia mchele ukishuka bei.

4. Jibu letu kwa mama

Mama, mfano wa Injili si orodha ya mishahara. Lakini yule bwana hakukubali mtu aende nyumbani bila riziki ya siku. Hapo ndipo haki inapoanzia: ujira utoshe kula na kutunza watoto. Pili, anayepandikiza vizuri aongezewe, kwa kuwa mavuno bora yametoka mkononi mwake. Tatu, alipwe kwa wakati. Kumbukumbu la Torati linaagiza ujira utolewe kabla jua halijazama, na Katekisimu (na. 1867) inataja kumdhulumu mfanyakazi kati ya dhambi zinazolia mbinguni. Kusema "subiri niuze mpunga", wakati hamkupatana hivyo, ni kumkopa maskini kwa lazima.

Wapandikizaji wakiungana katika kikundi, watapatana bei kabla ya msimu, si kila mmoja peke yake mlangoni kwa mwenye shamba. Nasi katika parokia na seminari tuanze na vibarua wetu wenyewe.

Maswali ya tafakari

1. Kibarua wa mwisho uliyemwajiri, ulimlipa siku gani?
2. Ni ujuzi gani wa mikono unaoutegemea kila siku bila kuuthamini?
3. Katika jumuiya yako, mwajiri na kibarua wanaweza kuzungumza juu ya ujira bila hofu?

Mtakatifu Yosefu Mfanyakazi, utuombee.