Isome Grini Kabla ya Kuilenga Bendera

Kwenye shimo fupi la gofu, wachezaji wengi hutazama bendera, hukadiria umbali, kisha huchomoa fimbo. Wewe anza na mteremko wa grini, eneo la nyasi fupi ambamo bendera imesimama. Kuna maumbo machache ya grini ambayo wasanifu wa viwanja wameyarudia kwa zaidi ya miaka mia moja. Msanifu Charles Blair Macdonald aliyachunguza huko Ulaya, akajenga upya baadhi yake kwenye National Golf Links of America, jimboni New York. Ukilitambua umbo, unajua mpira uangukie wapi.

Redan. Asili yake ni shimo la 15 la North Berwick, Scotland. Jina limetokana na ngome ya Warusi iliyopiganiwa Sevastopol katika Vita vya Crimea. Grini imekaa mshazari, kutoka mbele kulia kwenda nyuma kushoto, na inateremkia huko huko nyuma. Mbele kushoto kuna banka refu la mchanga. Ukiilenga bendera moja kwa moja, mpira lazima uvuke banka, na ukishatua, mteremko unaukimbiza hadi nje. Kwa hiyo lenga bega la mbele kulia, piga mpira wa chini kiasi, uache ardhi iuviringishe kushoto. Ukikosea, heri mpira ubaki mbele kulia, ambako pigo linalofuata ni jepesi.

Eden. Hili ni shimo la 11 la Old Course, St Andrews. Hapo ndipo mchezaji Bobby Jones alipookota mpira wake na kujitoa katika mashindano ya Open ya 1921. Grini inateremka vikali kutoka nyuma kuja mbele, huku banka la Hill likilinda kushoto na la Strath kulia. Usiipite bendera kamwe. Pigo la kupanda kutoka chini hata la mita kumi ni salama kuliko la mita tatu la kuteremka.

Biarritz. Grini hii ndefu hukatwa katikati na bonde, kama ile ya shimo la 9 la Yale, uwanja uliofunguliwa 1926. Kwanza ujue bendera iko upande gani wa bonde. Ikiwa nyuma, chukua fimbo yenye nguvu zaidi, upige mpira utakaoshuka bondeni na kupanda ng'ambo. Ukibaki upande usio wa bendera, mpira utalivuka bonde kwa pigo la kuviringisha, na kasi yake ni ngumu kuikadiria.

Punchbowl. Kingo zimeinuka kama bakuli na mpira hurudi katikati. Mara nyingi huioni grini unapopiga. Usisite: lenga katikati, uiamini ardhi.

Ukifika uwanja mgeni, mwulize kedi, mbeba fimbo wako, swali moja kabla ya kuuliza umbali: mpira ukitua hapa, ardhi inaupeleka wapi? Jibu lake ndilo likuchagulie fimbo.