Jumatano: Magoti Yanapokataa Kupanda

Soma 1 Samweli 14:4-13. Ni nani aliyetangulia kupanda lile jabali, na yule wa nyuma alikuwa amemwahidi nini mwenzake?

Mwisho wa juma mmoja vijana sita wa kanisa moja la Musoma waliabudu Sabato huko Butiama, wakalala kwa wenyeji, na Jumapili asubuhi wakasafiri kwenda Bunda ili waupande mlima Balili. Dalili ilikuwa imeonekana tangu Butiama. Alasiri ya Sabato, wenzake walipopanda juu ya majabali kuimba, dada mmoja alibaki chini akisema analinda viatu. Hakuna aliyejiuliza viatu hivyo vingeibwa na nani, maana hapakuwa na mtu mwingine.

Kule Balili, karibu nusu ya njia, walifika kwenye mwamba mtupu ulioinama. Dada yule akatazama nyuma, akaona mabati ya Bunda yaking'aa mbali chini, na magoti yakakataa. Akachuchumaa na kushika majani. Shemasi kijana aliyekuwa mbele akamwita: "Dada, ile 2 Timotheo 1:7 huwa unaisoma ya nini?" Wawili wakacheka. Mmoja akatoa simu ampige picha.

Soma fungu hilo pamoja na aya ya 8. Paulo anamtia moyo Timotheo asiuonee haya ushuhuda wa Bwana, wala asimwonee haya Paulo mfungwa. Habari za miamba hazimo. Tena, katika Mathayo 4:5-7 yuko aliyemweka Mwokozi juu ya kinara cha hekalu, akamsomea Zaburi ya 91, akamtaka athibitishe kwa kujitupa chini. Yesu hakujitupa. Shemasi yule si Ibilisi, bali ni kijana mwema aliyechangamka kupita kiasi. Hata hivyo, kutumia Maandiko kumsukuma mtu ukingoni si desturi ya kuigwa.

Biblia yenyewe haiicheki hofu hii. Mhubiri 12:5 huitaja miongoni mwa mambo ya uzee. Kumbukumbu la Torati 22:8 humwagiza ajengaye nyumba mpya aweke ukuta kando ya dari, asije mtu akaanguka. Aliyetoa agizo hilo ndiye aliyeumba mwili. Ili mtu asimame imara, macho, sikio la ndani na nyayo husaidiana. Mahali pa juu, ambapo vitu vya kutazama viko mbali mno, macho hukosa pa kushikilia na mwili huanza kuyumba. Ndiyo maana kuketi, au kutazama jiwe lililo karibu, hutuliza.

Mwaka 1985 watafiti wa Marekani walichapisha matokeo ya jaribio la watoto wa mwaka mmoja. Kila mtoto aliwekwa kwenye meza yenye kioo, na chini ya kioo sehemu moja ilionekana kama shimo. Mama alikuwa upande wa pili. Akina mama walipoonyesha uso wa furaha, watoto 14 kati ya 19 walivuka. Walipoonyesha uso wa hofu, kati ya watoto 17 hakuvuka hata mmoja. Kioo kilikuwa kilekile.

Pale Balili, dada mwingine alirudi chini, akaketi upande wa bondeni, akanyamaza kwa muda. Kisha akasema, "Tutazame jiwe hili tu. Ukitaka kurudi, tunarudi wote wawili." Yule aliyemchukulia Yonathani silaha alizungumza kwa namna hiyo kabla ya kushika miamba ya Bosesi na Sene. Wakaenda hatua kumi, wakapumzika, wakaenda tena. Kileleni hawakufika. Waliishia kwenye mti mmoja, mahali ziwa linapoonekana, wakala viazi vitamu wakiwasubiri wenzao.

Sabato iliyofuata dada yule hakuonekana darasani. Mwalimu wa lesoni siku hiyo alikuwa yule shemasi.

Kwa majadiliano:

Je, katika darasa lenu yuko ambaye hubaki "akilinda viatu"? Ni jambo gani analoliogopa, na ni nani aliyewahi kumwuliza?

Kama ungekuwa shemasi yule, ungeanza lesoni, au ungefunga kitabu kwanza? Kwa nini?