Mashine ya Kukata Nyasi Ijiendeshayo: Tupime Mwinamo Kwanza

Mashine nyingi za kukata nyasi zijiendeshazo huongozwa na waya uliotandazwa kuuzunguka ua. Mkondo wa umeme upitao humo huzalisha uga wa sumaku. Mashine iuhisipo hugeuka.

Katika ua wa Masukulu, wilayani Rungwe, penye miteremko na mvua nyingi, kwanza tupime mwinamo. Laza ubao wa mita 1 kwa pimamaji, ncha ya upande wa mlimani ikigusa ardhi. Kisha pima kimo cha ncha ya pili. Sentimita 35 ni mwinamo wa asilimia 35, kikomo cha mashine nyingi.

Nyasi zilizolowa hupunguza msuguano: mashine yaweza kuteleza, ikauvuka waya hadi wachezapo watoto, visu vikizunguka. Hivyo waya upite penye tambarare. Panapozidi kikomo, tutumie fyekeo.