USALAMA NA AFYA: Mimba inayotoka mwezi wa tano



Bibi amebeba mimba mara tatu. Kila mara miezi ya kwanza inapita vizuri. Halafu, mwezi wa tano au wa sita, maji yanatoka na mtoto anazaliwa mbele ya wakati, hawezi kuishi. Majirani wananong'ona: uchawi, laana. Bwana anafikiri kumrudisha bibi kwa wazazi wake. Mbele ya kufanya hivyo, soma habari hii.

Sababu ni nini?

Angalia gunia la makala. Kamba ya mdomo ikilegea, makala yanamwagika. Kizazi nacho kina mdomo. Tunauita mlango wa kizazi. Unapaswa kubaki umefungwa mpaka wakati wa kuzaa. Kwa wamama wengine mlango huo ni mlegevu: mimba ikikua, unafunguka pole pole, mara nyingi bila uchungu mkubwa. Hilo si kosa la mama.

Munganga anafanya nini?

Anazungusha uzi wenye nguvu kwenye mlango na kuukaza. Kazi hii inaitwa serklaji. Munganga Shirodkar wa India aliieleza mwaka 1955. McDonald wa Australia alieleza namna iliyo rahisi zaidi mwaka 1957. Kwa kawaida uzi unawekwa juma la 12 mpaka la 14, na unatolewa juma la 36 au 37.

Inafaa kweli?

Inafaa, lakini si kwa kila mama. Mwaka 1993 wanganga walitangaza matokeo ya wamama 1.292 wa nchi mbalimbali. Kati ya 100 waliowekewa uzi, 13 walizaa mbele ya juma la 33. Kati ya 100 wasiowekewa, 17. Tofauti ni ndogo. Lakini kwa wale waliokwisha kupata mimba tatu au zaidi zilizokatika mapema, hesabu ilikuwa 15 kwa 32. Hao ndio waliosaidiwa sana.

Uzi hausaidii mimba zinazotoka miezi mitatu ya kwanza. Nyingi za hizo zinatoka kwa sababu mtoto hakuumbika vizuri tangu mwanzo.

Mufanye nini?

1. Mama, fika kwenye kipimo cha wenye mimba mapema, mbele ya mwezi wa tatu kwisha. Taja kila mimba iliyotoka, na mwezi wake. Usifiche.

2. Ukiwa na uzi, ukaona maji, damu, homa au uchungu, nenda hospitali saa ile ile, hata usiku. Uchungu wa kuzaa ukikukuta na uzi, mlango unaweza kupasuka.

3. Usikose siku ya kutoa uzi, hata kama unajisikia vizuri.

4. Bwana, mfuate bibi kwa munganga, usikie mwenyewe.

Kazini, jiwe likianguka, tunatafuta kwanza sababu. Nyumbani tufanye vilevile.