Jokofu kwa Umeme Mdogo wa Jua: Tupige Hesabu Kabla ya Kununua



Katika vijiji vya Kisarawe kama Maneromango na Marui, na pembezoni mwa Mlandizi upande wa Kibaha, zipo nyumba na maduka yaliyo mbali na nguzo za umeme, yanayotegemea paneli za sola na betri. Taa, redio na simu hazina taabu kubwa. Shida huanza siku jokofu linapoingia ndani. Taa huzimwa watu wakilala, lakini jokofu hufanya kazi usiku na mchana. Asiyejiandaa huamka akakuta samaki wameharibika, na betri aliyoinunua kwa akiba ya msimu mzima imekufa kabla ya mwaka.

Mara nyingi chanzo cha hasara hiyo si uchache wa jua wala ubovu wa jokofu. Ni vifaa visivyolingana. Somo hili linaonyesha namna ya kuvilinganisha.

1. Tambua aina ya jokofu

Jokofu la kawaida la volti 230 huchukua wati 100 hadi 150 kompresa inapozunguka, na katika joto la Pwani linaweza kula wati-saa 1,000 au zaidi kwa siku. Jokofu la volti 12 au 24 lenye kompresa, la aina inayotumika pia katika magari ya safari ndefu na maboti, hula kidogo zaidi. La lita 100, likiwa limetengenezwa vizuri, linaweza kutosheka na wati-saa 500 hivi.

Jihadharini na masanduku ya kupozea yasiyo na kompresa. Bei yake huvutia, lakini sanduku la wati 50 lisilopumzika hula wati-saa 1,200 kwa siku, tena hushusha joto kwa takribani nyuzi 20 tu chini ya hewa ya nje. Mchana wenye nyuzi 32, ndani hubaki nyuzi 12. Hapo maziwa na nyama haviko salama. Muulize muuzaji: "Je, lina kompresa?"

2. Linganisha betri na paneli

Tuchukue jokofu la wati-saa 500. Betri ya asidi ya volti 12 na ampea-saa 100 ina wati-saa 1,200, ila haifai kuishusha chini ya nusu mara kwa mara. Zinazobaki kutumika ni 600, yaani siku moja bila jua. Masika huleta siku kadhaa za mawingu mfululizo, hivyo betri mbili ni salama zaidi. Betri ya litiamu huruhusu kutumia kama asilimia 80 ya uwezo wake, ingawa bei yake ya awali ni kubwa.

Paneli ya wati 200, ikipata saa 4 za jua kamili, hutoa wati-saa 800. Tukiondoa asilimia 30 inayopotea njiani, hubaki 560. Hiyo inalitosha jokofu peke yake. Taa na runinga ziongezewe paneli yake.

3. Usiisahau inveta

Jokofu la volti 230 haliwezi kutumia betri bila inveta, na inveta nayo hula. Inayotumia wati 15 kwa kuwashwa tu humaliza wati-saa 360 kwa siku kabla jokofu halijapoza chochote. Aidha, kompresa inapoanza kuzunguka hudai umeme mara kadhaa zaidi ya kawaida yake kwa muda mfupi, hivyo inveta ya wati 300 inaweza kushindwa kuliwasha jokofu la wati 120. Kwa mwenye betri chache, jokofu la volti 12 linalounganishwa bila inveta ndilo lenye nafuu.

4. Pima waya

Jokofu la volti 12 lenye wati 60 huvuta ampea 5. Likiwa mita 10 kutoka kwenye betri, kwa waya wa milimita za mraba 1.5, volti 1.2 hupotea njiani. Jokofu hudhani betri imeisha, nalo hujizima, ilhali betri bado ina nguvu. Wengi wamenunua betri mpya kwa sababu hiyo. Waya wa milimita za mraba 4 hupoteza chini ya nusu volti. Weka betri karibu na jokofu, na usikose fyuzi karibu na betri.

5. Weka akiba ya baridi

• Ingiza vinywaji vipya kati ya saa nne asubuhi na saa nane mchana, paneli inapozalisha vizuri. Usiviingize jioni.
• Gandisha chupa za maji mchana. Kilo moja ya barafu inapoyeyuka humeza joto la takribani wati-saa 93, na hivyo kuipunguzia betri mzigo wa usiku.
• Acha nafasi ya kiganja nyuma ya jokofu, mbali na jiko na ukuta unaopigwa na jua.
• Futa vumbi kwenye paneli. Chunguza pia mpira wa mlango: ukibana karatasi mlangoni nayo ikachomoka kirahisi, mpira umelegea.

6. Linda chakula na dawa

Weka kipimajoto ndani. Chakula kikae kwenye nyuzi 5 au chini yake. Umeme ukikatika, usifungue mlango. Jokofu lililofungwa huweza kutunza ubaridi kwa saa 4 hivi. Nyama, samaki, maziwa na chakula kilichopikwa vikizidi nyuzi 5 kwa saa 2, vitupwe. Insulini isiyofunguliwa ihifadhiwe kati ya nyuzi 2 na 8, wala isigusane na barafu, kwa kuwa ikiganda haifai tena.

7. Dai haki yako

Kabla ya kulipa, soma kibandiko cha wati na volti, na uulize kama bidhaa imethibitishwa na Shirika la Viwango Tanzania (TBS). Dai risiti na dhamana ya maandishi inayotaja betri, paneli na jokofu, kila kimoja na muda wake. Kifaa kikiharibika, anza kwa muuzaji. Asipokusikiliza, peleka suala la ubora TBS, na suala la bidhaa bandia au udanganyifu wa kibiashara Tume ya Ushindani (FCC). Bila risiti, madai yako yatakuwa dhaifu.

Zoezi

Andika wati-saa zinazoliwa na jokofu unalolitaka, zinazotunzwa na betri yako, na zinazotolewa na paneli yako siku ya mawingu. Namba ya kwanza ikizidi mojawapo ya hizo mbili, usinunue bado.